Anawaka moto kila mchana, malaria haionekani

Jambo sana, mama na baba washauri,

Ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 26. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, ana miaka miwili na miezi minne. Alizaliwa ngozi ikimbanduka kama ganda la kitunguu. Wakunga wakasema itapita, na kweli ilipita. Lakini nywele hazikuota vizuri. Ni laini, chache, zenye wekunduwekundu, na nyusi karibu hana. Meno anayo mawili tu, yote ya juu, yamechongoka kama ya paka. Chini ya macho ngozi ni nyeusi na ina mikunjo ya kizee. Sauti inakwaruza, na puani hujaa magamba yenye harufu mbaya.

Kinachonichosha zaidi ni moto wa mwili. Mwaka jana, mwezi wa tisa na wa kumi, kila siku kuanzia saa tano mchana alikuwa anawaka. Ikifika saa moja jioni amepoa, anacheza. Kituo cha afya tumekwenda hata nimeacha kuhesabu. Kipimo cha malaria kilionyesha ugonjwa mara mbili tu, lakini dawa alipewa kila safari: kinini, sindano, sirapu. Siku moja degedege ilimshika njiani, nikiwa nimembeba mgongoni.

Mama mkwe anasema meno yale si ya mtu. Walimpeleka kanisani, mchungaji akasema mtoto ana ndoki, yaani uchawi. Mwanzoni mwa mwezi huu wa tano wakamwombea, na tangu hapo moto umepungua kweli. Sasa wanataka hatua ya mwisho: siku tatu katika chumba cha maombi, bila kula wala kunywa. Baba yake hajui ashike upande gani.

Kuna mambo nimeyanyamazia. Mama yangu alizaa mvulana kabla yangu, akafa akiwa na miezi minane, wakati wa joto, naye hakuwa na nywele. Mimi mwenyewe nina nafasi nne za meno ambayo hayakuota kamwe, na nilipozaa, ziwa la kushoto halikutoa maziwa. Munganga (daktari) mmoja alipoona pua ya mtoto imebonyea na meno yale, akaniuliza mbele ya mume wangu kama nimewahi kuugua kaswende. Tangu siku ile nyumbani hakuna amani. Na jirani yetu, yeye na baba yake, wana kucha nene na upara tangu utoto, lakini jasho wanatoka. Anasema ugonjwa wetu na wao ni mmoja.

Nina mimba ya miezi minne. Je, huyu mtoto ana nini, nimtunze namna gani, na huyu aliye tumboni?

Mama wa Katuba

Jibu letu

Mama,

Tuanze na lisiloweza kungoja. Mtoto wako asiingizwe katika chumba hicho, si kwa siku tatu wala kwa mchana mmoja. Hatupingi maombi. Mwombeeni hata usiku kucha mkitaka, mradi awe nyumbani, amevaa kidogo, na kikombe cha maji kiko karibu. Kwa dalili ulizoandika, mwili wa mtoto huyu hautoi jasho, au unatoa kidogo mno. Watu wakijaa katika chumba kilichofungwa chini ya mabati, wewe utalowa jasho na kupoa, yeye atazidi kupanda kama sufuria iliyofunikwa. Ukimnyima na maji juu yake, anaweza kufa siku ya kwanza. Mpe baba yake asome hapa. Kama kuna anayebisha, Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaliadhibu kosa hilo.

Sasa kuhusu uponyaji wa mwezi wa tano. Tazameni kalenda. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na kuanzia Mei mvua zimekatika, upepo ni mkavu, jua halichomi. Juni na Julai usiku baridi yaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto asiyetoka jasho hupata nafuu miezi hiyo, awe ameombewa au hakuombewa. Septemba na Oktoba, mchana ukipita nyuzi 30, moto utarudi. Msikubali nafuu ya baridi ihesabiwe kuwa deni ambalo mtoto atalilipa chumbani.

Ugonjwa tunaoudhania unaitwa displasia ya ektodemo, aina ya upungufu wa jasho. Madaktari waliosoma kwa Kifaransa wengi wanaujua pia kwa majina ya waliouandika: Christ-Siemens-Touraine. Andika jina hilo kwenye karatasi uende nalo, litakuokolea maelezo mengi. Ektodemo ni lile tabaka la nje la mtoto angali tumboni, ambalo baadaye huwa ngozi, nywele, kucha, meno na tezi za jasho. Nywele, jino na tezi ya jasho huanza kwa namna moja: ngozi huchipua kuelekea ndani, kama jicho la kiazi. Ili kichipukizi kianze, seli hupashana habari kwa protini iitwayo ektodisplasini A. Jeni (agizo la kurithi lililo ndani ya seli) inayoitengeneza, EDA, ikiwa na hitilafu, habari haifiki. Ndiyo maana vitu ambavyo mtu hangefikiri vina undugu, nywele, meno na jasho, vinapungua kwa mtoto mmoja. Tezi zinazolainisha pua, koo na macho nazo hupungua. Ndiyo magamba ya puani na sauti ya kukwaruza. Ngozi kubanduka wakati wa kuzaliwa, weusi na mikunjo chini ya macho, pua iliyobonyea, yote ni ya picha hiyohiyo. Akili haihusiki. Hatari yake kubwa ni joto katika miaka ya kwanza. Akivuka hapo bila ubongo kuumizwa na joto, atasoma, atafanya kazi, atazeeka kama wengine.

Jirani yako ana ugonjwa wa ukoo ule, lakini si huu. Kucha nene zilizoharibika, upara tangu utoto, meno mazima na jasho la kawaida, kutoka baba kwenda kwa mwana: hiyo inafanana zaidi na aina iitwayo Clouston, ya jeni nyingine, GJB6. Katika ugonjwa wa mwanao kucha kwa kawaida ni nzuri au karibu nzuri. Hamwambukizani, na dawa zake za kucha hazimhusu mtoto wako.

Swali la kaswende tulimalize. Kaswende ya kuzaliwa nayo inaweza kubonyeza pua na kuharibu meno, kwa hiyo munganga hakukosea kuifikiria. Alikosea kuuliza mbele za watu. Meno yanayojulikana kwa kaswende ni yale ya ukubwani, yanayoota kuanzia miaka 6 hivi. Meno ya utotoni yaliyochongoka kama ya paka, pamoja na nywele chache na kukosa jasho, yanaelekeza kwingine. Wewe una mimba, na damu ya kaswende ni moja ya vipimo vya kliniki ya wajawazito. Pima, na mume wako apime siku hiyohiyo, majibu msomewe pamoja. Ni rahisi kuliko ugomvi wa miezi.

Turudi kwenye joto, maana hapo ndipo uhai wake ulipo. Jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Maji yakikauka juu ya ngozi yanaondoka na joto. Mtoto wako hana maji hayo, basi jasho lake mtaliweka ninyi kwa mikono. Nunua singleti tatu za pamba, nyepesi, zenye rangi nyeupe, na chupa ya kupulizia kama ile ya saluni. Siku ya joto lowesha singleti kwa maji ya kawaida, ikamue isitiririke, mvalishe. Ikikauka, pulizia tena. Katika hewa kavu ya Septemba huenda ikawa kila baada ya dakika 20 au 30. Lowesha kichwa pia, maana hakina nywele za kukikinga na jua, kisha kofia nyepesi ya pamba yenye ukingo. Januari na Februari, hewa ikijaa mvua, singleti hukauka polepole na haipozi sana. Hapo inabidi kupepea kwa kipande cha katoni au feni kama umeme upo. Feni peke yake juu ya ngozi kavu, chumba kikiwa cha moto sana, inampulizia hewa ya moto tu. Inataka maji.

Maji ya barafu usitumie. Mishipa ya ngozi hujifunga, joto linabaki ndani, naye hutetemeka na kuzidisha moto. Spiriti ya kupaka pia hapana, mtoto huivuta na kulewa. Na usidanganyike kwamba akinywa maji mengi atapoa: maji ya kunywa hayawi jasho kwa mtu asiye na tezi. Anywe kwa kiu, na wakati wa kula, kwa sababu mate yake ni machache na bukari (ugali) linamganda kinywani.

Kumbeba mgongoni saa za jua acha. Tunajua ni vigumu, mikono ina kazi nyingine. Lakini mgongo wako una nyuzi 37, kitenge kinafunga hewa, na jua linapiga kutoka nyuma: ile degedege ya njiani huenda ilitengenezwa hapo, na homa iliyomtoa nyumbani ilikuwa ndogo tu. Safari ya lazima ifanyike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikishindikana, mbebe mbele au pembeni, kitenge kikiwa kimeloweshwa, na simameni kivulini mara kwa mara. Sweta na kofia za sufu ambazo bibi hupenda kumvalisha ni za usiku wa Julai tu. Mchana alale kwenye mkeka juu ya sakafu ya saruji. Saruji hunyonya joto kuliko godoro la sponji. Jiko la makaa lisikae chumba anacholala. Akianza masomo, mwalimu aambiwe kwa maandishi: akae karibu na dirisha, awe na chupa yake ya maji, na asisimamishwe juani wakati wa kupandisha bendera.

Nunua kipimajoto. Kwapani, nyuzi 36.5 hadi 37.4 ni kawaida. Ukikuta 38 au zaidi: kivulini, vua nguo, lowesha mwili, pepea, pima tena baada ya dakika 20. Ikishuka na kubaki chini akiwa mahali pa baridi, lilikuwa joto la nje. Ikirudi akiwa amepoa kivulini, au ikija usiku wa manane, hiyo ni homa ya ugonjwa. Paracetamol inasaidia homa ya ugonjwa, kwa sababu inashusha kipimo ambacho ubongo wenyewe umekipandisha. Kwa joto la nje ubongo haukupandisha kitu, hivyo dawa haina la kushusha. Ndiyo maana sirapu mlizompa zilikuwa kama maji.

Hapa tunakuomba umakini, maana kosa la pili ni baya kama la kwanza: msianze sasa kusema kila moto ni jasho. Malaria ya Katanga haimbagui mtoto huyu. Kila akipata 38, baada ya kumpoza, apimwe malaria kwa kidole siku hiyo au kesho yake asubuhi. Kipimo kikionyesha malaria, atibiwe kikamilifu. Kikikataa, msipokee kinini ya bahati nasibu. Mwambieni muuguzi atafute kifua, masikio, mkojo. Alale ndani ya chandarua, na wavu huo usukumwe nyuma mchana ili hewa ipite. Akiwa amelegea, hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, au kipimajoto kimepita 39.5 na kupoza hakukishushi, nendeni hospitali, na mkiwa njiani endeleeni kumlowesha. Wengi humkausha mtoto na kumvika vizuri kwa heshima ya hospitali. Afike amelowa.

Daftari la shule la kurasa chache litakusaidia kuliko maneno. Andika tarehe, saa, alikuwa wapi, nyuzi ngapi kabla ya maji, nyuzi ngapi baada ya dakika 20, na matokeo ya kipimo cha malaria. Siku moja ya jua, kipimajoto ashike mama mkwe mwenyewe. Asome namba, amloweshe mjukuu wake kwa mkono wake, asome tena. Tunaamini namba hizo mbili zitafanya kazi ambayo barua yetu haiwezi kuifanya.

Meno. Yale mawili yaliyochongoka yasing'olewe, hata kama ukoo mzima unakuja na shinikizo, hata kama kuna fundi wa meno anayekubali kwa bei ndogo. Hayo ni nguzo mbili za nyumba yake: meno ya bandia yatashikamana nayo, na mfupa wa taya hubaki mnene pale tu penye jino. Daktari wa meno anaweza kuyajenga kwa rezini yawe na umbo la kawaida katika kikao kimoja au viwili, na hapo neno la paka litakwisha mtaani. Kuanzia miaka 3 au 4, mtoto akiweza kukaa kimya na mdomo wazi, hutengenezewa meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Yatabadilishwa mara kadhaa kwa sababu taya linakua; uliza bei ya kubadilisha tangu mwanzo, si bei ya seti ya kwanza tu. Picha ya eksirei ya taya zima itaonyesha ni mbegu gani za meno zipo na zipi hazipo. Vishikizo vya chuma ndani ya mfupa kwa kawaida ni vya baada ya kumaliza kukua. Kwa sasa bukari lake liwe laini, sombe (kisamvu) iliyotwangwa vizuri, samaki aliyetolewa miiba na kusagwa. Piga mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na usiku, maana kinywa kikavu huozesha haraka meno machache yaliyopo.

Pua: chemsha lita 1 ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha, karibu gramu 9, ipoe. Matone 3 kila tundu, asubuhi na jioni, subiri dakika chache, kisha futa magamba yaliyolainika kwa kitambaa safi. Usiyabandue makavu, huacha kidonda, kidonda hutoa damu, damu hutengeneza gamba kubwa zaidi. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Sirapu za mafua zenye promethazini na nduguze usimpe: zinakausha pua na kinywa, na hata jasho dogo alilo nalo zinalizuia.

Ngozi haina siri. Bafu fupi, sabuni isiyo na manukato, na vaselini ya kawaida kabla mwili haujakauka kabisa, hasa jioni. Kwa weusi wa chini ya macho kuna watu watakuuzia krimu za kung'arisha. Zenye hidrokinoni au steroidi zitaichubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na weusi hautaondoka. Nywele pia: hakuna mapunye hapo, acha dawa za fangasi. Hakuna mafuta yanayootesha nywele ambapo vichipukizi havikuumbwa. Macho yake yakiwa mekundu kwa vumbi la Agosti, omba matone ya machozi ya bandia, yasiyo na antibiotiki wala kotizoni.

Sasa lile uliloficha. Lizungumzwe kwa uwazi, kwa sababu umeshaona nusu yake mwenyewe. Jeni EDA iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja aliyopewa na mama yake, na Y moja aliyopewa na baba. Mwanamke mwenye X moja yenye hitilafu ana nyingine nzima ya kumwokoa, lakini si mwili mzima: kila seli yake huzima X moja, na haichagui. Kwa hiyo hubaki na mabaka: sehemu za ngozi zinatoka jasho, nyingine hazitoki, meno mawili matatu hayakuota, ziwa moja halikukua vizuri ndani. Nafasi zako nne za meno na ziwa lako la kushoto ni dalili hizo. Ndugu yako aliyekufa na miezi minane katika joto anafaa katika picha hiyohiyo, ingawa hakuna anayeweza kumpima leo. Inawezekana sana mama yako naye alibeba.

Ndiyo, kwa maana hiyo imepitia kwako. Imepitia, hukuitenda. Hakuna ulichokula, hakuna uliyemkosea, na mume wako hangeweza kumpa mwanawe X kwa sababu baba humpa mwana Y. Zamani, karne ya 19, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliandika juu ya ukoo wa Sind, kule Asia ya Kusini, ambamo wanaume wa vizazi vinne walikuwa na meno machache, nywele chache, na walisumbuka na joto, huku mabinti wakiwapitishia wana wao bila wao wenyewe kuugua. Katuba haikuanzisha jambo hili. Dada zako waambie kabla hawajazaa, kwa upole, maana kila mmoja ana nafasi nusu ya kubeba ulichobeba wewe. Mwanao akikua, wana wake wote watakuwa salama, na binti zake wote watabeba.

Kwa mimba hii hesabu ni hivi: katika kila mimba nne, kwa bahati, mvulana mgonjwa 1, mvulana mzima 1, binti mbebaji 1, binti asiyebeba 1. Ukijua ni mvulana, nafasi ni nusu kwa nusu. Ekografia (ultrasound) ya kuanzia wiki 20 huweza kuonyesha jinsia, na mtaalamu mwenye mashine nzuri anaweza hata kuhesabu mbegu za meno katika taya. Kipimo chenyewe cha jeni huanza kwa mtoto mgonjwa, si kwako: damu mililita 2 hadi 5 katika chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau, ile yenye EDTA. Hitilafu ikishajulikana kwake, kukupima wewe na dada zako ni kazi ndogo. Uliza Kliniki za Chuo Kikuu au Hospitali ya Sendwe, upande wa watoto, kama sampuli inaweza kupelekwa nje, na kwa bei gani. Jibu likikawia, matunzo tuliyoyaandika hayalingoji. Daktari anaweza kuutambua ugonjwa kwa macho, na kwa lensi akiangalia ncha za vidole vyake: kwa mtu wa kawaida mistari ya kidole ina vitundu vya jasho vilivyojipanga, kwake havipo au ni vya kuhesabu. Wakitaka kukupaka wewe iodini na wanga mgongoni kutafuta mabaka yasiyotoka jasho, waambie una mimba. Iodini nyingi si nzuri kwa tezi ya shingo ya mtoto aliye tumboni.

Utasikia pia habari za sindano ya Erlangen, Ujerumani. Ni kweli. Mwaka 2018 wataalamu wa huko walitangaza kwamba wavulana watatu, pacha wawili na mwingine mmoja, walipewa protini iliyokosekana ndani ya maji ya uzazi wakiwa bado tumboni, wakazaliwa wakiweza kutoka jasho. Bado iko kwenye majaribio, na hutolewa kabla ya kuzaliwa tu. Yeyote atakayekuuzia dawa ya kumwotesha jasho mtoto wa miaka miwili, hata akija na karatasi yenye mhuri, anauza upepo.

Jambo moja zaidi umuulize daktari. Kuna aina adimu ya ugonjwa huu inayokwenda na udhaifu wa kinga, ya jeni IKBKG, nayo iko kwenye X. Kama mwanao amewahi kulazwa kwa nimonia mara kwa mara, majipu makubwa, au kidonda cha chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) kilichokataa kupona, sema. Kama sivyo, chanjo zote zifuate ratiba, na homa ya chanjo ishughulikiwe kwa maji na paracetamol pia.

Kwa hesabu yako utajifungua karibu Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote. Jiandae sasa. Kwenye kitabu chako cha kliniki mkunga aandike kwa wino mwekundu: «mama anaweza kuwa mbebaji wa displasia ya ektodemo, mtoto wa kiume apimwe joto kila baada ya saa 3». Mtoto wa namna hii akiwekwa kwenye inkubeta au chini ya taa za kutibu ugonjwa wa manjano hupanda joto haraka, na watu hutafuta maambukizi wakati tatizo ni mashine. Apimwe kwapani, atunzwe kati ya 36.5 na 37.5, nguo ziongezwe au zipunguzwe kwa namba hiyo, si kwa desturi. Maziwa yatakuja kulia zaidi kuliko kushoto. Mwanzishie ziwa la kulia kila mara, kisha la kushoto, na apimwe uzito siku ya 7 na ya 14. Ikiwa siku ya 14 hajarudia uzito aliozaliwa nao, omba msaada wa nyongeza siku hiyohiyo, usisubiri mwezi. Na zile singleti tatu usizigawe. Shona nyingine mbili ndogo.